Fundi Anajibu: Laptopu iliyozeeka, lipi litengenezwe na lipi liachwe

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu laptopu zilizonunuliwa zikiwa tayari zimetumika Ulaya au Ghuba, zikafanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa, na sasa zimeanza kuwasumbua wenyewe. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Mhariri, nina laptopu aina ya Dell Latitude E6430 yenye prosesa ya Core i5, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Nikiiwasha asubuhi, naweza kwenda kuita mahudhurio darasani nikarudi kabla haijatulia. Kila baada ya miezi michache fundi hunipigia Windows upya, ikawa nyepesi kwa wiki mbili tatu, kisha hurudia hali yake. Sasa ananishauri niiuze. Je, nikubali? – Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Mwalimu, usiiuze bado, wala usikubali kupigiwa Windows tena kabla diski haijapimwa. Mashine hiyo ilitoka mwaka 2012, na prosesa yake ya kizazi cha tatu bado inatosha kwa kuandaa mitihani, kujaza alama na kusoma barua pepe. Kinachokuchelewesha ni diski. Ndani yake mna sahani ambazo katika laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, pamoja na kichwa cha kusomea ambacho hulazimika kusafiri hadi mahali faili lilipo na kusubiri sahani ifike. Mzunguko mmoja huchukua takribani milisekunde 11. Ukijumlisha na safari ya kichwa, diski ya namna hiyo haifikishi maombi 100 kwa sekunde inapotakiwa kusoma vijifaili vilivyotawanyika, ilhali kuwasha Windows ni kazi ya kusoma maelfu ya vijifaili hivyo. SSD, yaani diski ya chipu, haina sahani wala kichwa, na hata ile ya bei nafuu hujibu maombi hayo kwa maelfu katika sekunde moja. Ndiyo maana nasema, kwa laptopu yoyote ambayo bado ina diski ya kuzunguka, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, kabla hujafikiria RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kazi zilizofunguliwa hukaa), betri au kitu kingine chochote.

Kupigiwa Windows upya huleta nafuu ya muda kwa sababu mfumo mpya una programu chache na faili zake zimekaa karibu karibu kwenye diski. Baada ya wiki kadhaa masasisho yanaingia, kinga ya virusi inaanza kazi, programu zinazojiwasha zenyewe zinaongezeka, na kichwa kinarudia kukimbia huku na huko. Isitoshe, kila mara Windows inapopigwa upya bila uangalifu, faili za mwenyewe huwa hatarini. Mafundi wengi hupenda kazi hiyo kwa kuwa haihitaji kununua kifaa, na mteja huondoka ameridhika.

Hatua ya kwanza, basi, ni kunakili kazi zako zote mahali pengine pawili, mathalani kwenye flashi na kwenye akaunti ya intaneti. Kisha mwombe fundi aipime diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha kama kuna sehemu za diski zilizokufa na data yake kuhamishiwa sehemu za akiba. Idadi ya sehemu hizo ikiwa inapanda wiki hadi wiki, diski hiyo inaelekea kufa na haifai hata kuwekewa nakala za akiba. Ikiwa ni nzima, usiitupe: nunua kasha la USB, uitie humo, iwe ghala lako la nakala.

SSD utakayonunua iwe yenye kiungo cha SATA, inchi 2.5, yenye unene wa milimita 7. Ile ndogo iitwayo M.2 haikai kwenye nafasi ya diski ya mashine yako, hata muuzaji akikuapia. GB 240 au 256 zinatosha kwa kazi yako. Jihadhari na SSD zisizo na jina zinazodai ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa, kwani zipo zilizofanyiwa ujanja ili zionyeshe nafasi ambayo hazina, na utakapozidisha kiasi chake cha kweli faili huharibika bila taarifa. Programu ya H2testw huijaza diski data na kuisoma tena ili kuthibitisha ukubwa wake. Ifanye kabla hujaweka kitu cha maana, na muuzaji akubali hilo kabla hujalipa.

Baada ya SSD, ongeza RAM hadi GB 8. RAM inapojaa, mfumo huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na kivinjari cha siku hizi chenye kurasa kumi zilizofunguliwa hujaza GB 4 bila taabu. Mashine yako hutumia DDR3 ya laptopu, yenye pini 204. DDR4 ina pini 260 na pengo lake liko mahali tofauti, kwa hiyo kipande kikikataa kuingia usikisukume. Iliyoandikwa DDR3L, ya volti 1.35, itafanya kazi kwako pia, ila ile ya volti 1.5 haifai kupelekwa kwenye mashine mpya kidogo zinazotaka DDR3L pekee.

Lipo jambo moja ambalo vipuri havitalimaliza. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ziko njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine za zamani, lakini sikushauri uitegemeze kazi ya shule juu ya mfumo ambao mtengenezaji mwenyewe haahidi kuusasisha. Mimi ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na inakuja na LibreOffice inayofungua faili nyingi za Word na Excel. Yanayoleta shida ni majedwali ya Excel yenye makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili. Kama fomu za alama za shule yenu zimejengwa kwa makro, zijaribu kwanza kwenye flashi hiyo kabla ya kuhama.

Salaam aleikum. Laptopu ninayowekea hesabu za duka ilianza kwa pale pa kuburuzia kidole kuwa pagumu, nikibonyeza hapabonyei. Sasa naona hata upande wa chini umetuna na ikiwekwa mezani inayumba. Kazi nyingine zote inafanya. Nimeambiwa ni skrubu zimelegea. – Mama mwenye duka, Mombasa

Waaleikum salaam, mama. Skrubu hazihusiki, betri imevimba. Tafadhali izime leo, uichomoe kwenye chaja, na usiiwashe tena hadi betri itolewe. Betri za lithiamu zinapozeeka, hasa zikikaa muda mrefu zikiwa zimejaa na kwenye joto, kemikali za ndani huchanganuka na kutoa gesi, nayo gesi huutunisha mfuko wake hadi ukaisukuma padi kutoka chini. Mfuko huo ukitobolewa au kukunjwa unaweza kuwaka moto mkali usiozimika kirahisi. Kwa hiyo fundi asiingize bisibisi ya chuma kuinyanyua, asijaribu kuitoa hewa kwa sindano, wala asiibane ili kifuniko kifunge. Wapo wanaofanya hayo yote.

Ikishatolewa, iwekwe nje ya nyumba kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, mbali na chochote kinachoweza kushika moto, kisha ipelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Isitupwe jalalani ambako taka huchomwa. Laptopu nyingi zitaendelea kufanya kazi kwa chaja tu bila betri, ila umeme ukikatika itazimika papo hapo na hesabu ambazo hujazihifadhi zitapotea.

Unaponunua nyingine, linganisha nambari ya kipuri iliyochapishwa kwenye betri ya zamani, si jina la laptopu peke yake. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayoonyesha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo iliobakiza. Betri inayouzwa kuwa mpya lakini tayari imepungua sana inafaa irudishwe siku hiyo hiyo. Baada ya hapo, kwa kuwa ya kwako hukaa kwenye chaja kutwa, weka ukomo wa kuchaji kwenye asilimia 80. Laptopu nyingi za kiofisi za Lenovo, Dell na HP zina mpangilio wa namna hiyo, ama ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) ama katika programu ya mtengenezaji.

Kwa kuwa mashine itakuwa imefunguliwa, fundi apulize vumbi lililojaa kwenye feni na abadilishe pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Pwani yenu ina chumvi na unyevu hewani, hivyo pini za RAM hupata ukungu mwembamba, na kuzisugua taratibu kwa raba safi ya penseli hutosha.

Shikamoo Mhariri. Huku kwetu umeme hukatika na kurudi mara nyingi. Chaja yangu ya Dell iliungua umeme uliporudi, nikanunua nyingine ya bei rahisi. Laptopu inawaka lakini betri haichaji, na imekuwa nzito ajabu. Je, bodi imeungua? Na je, ninunue stebilaiza? – Mwanafunzi wa chuo, Kigoma

Marahaba, mwanangu. Huenda bodi haina neno. Chaja za Dell za tundu la duara zina pini nyembamba katikati ambayo huieleza laptopu kwamba chaja ni ya kweli na ina wati ngapi. Taarifa hiyo isipofika, mashine huwaka, lakini hukataa kuchaji betri na huipunguzia prosesa mwendo ili isiizidishie mzigo chaja isiyoifahamu. Dalili zako zote mbili zinaingia hapo. Azima chaja halisi ya mwenzio ujaribu, na ikichaji, umepata jibu. Isipochaji, huenda pini ya kwenye tundu la laptopu imevunjika au waya wake umekatika, na tundu ni kipuri cha bei ndogo ambacho katika modeli nyingi hubadilishwa bila kulehemu.

Unaponunua chaja, volti zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu, na ampea ziwe sawa au zaidi. Chaja ya wati 65 ya Dell hutoa volti 19.5 na ampea 3.34, ile ya wati 90 hutoa volti hizo hizo na ampea 4.62, na inaweza kutumika mahali pa ile ndogo bila madhara.

Kuhusu stebilaiza, usitumie fedha yako. Soma maandishi ya chaja yoyote, utaona nyingi zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo umeme hafifu hauzisumbui. Kinachoziua ni mruko wa ghafla umeme unaporudi, na stebilaiza za kawaida hazina wepesi wa kuuzuia. Wala huhitaji UPS, kile kisanduku chenye betri ya akiba, maana laptopu yenye betri nzima inajitosheleza. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, ngoja dakika chache hadi mafriji na mota za mtaa mzima zimalize kuanza. Kama ni msahaulifu, kile kifaa cha kulindia friji, kinachochelewesha umeme kabla ya kuuruhusu upite, hufanya kazi hiyo hiyo kwa chaja. Wakati wa radi chomoa kila kitu, pamoja na waya wa intaneti kama unatumia wa kuchomeka.

Tena, acha ule mtindo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, na chaja yenye pini tatu ikinyimwa waya huo, ganda la chuma la laptopu huanza kukutekenya vidole.

Mwanangu amemwaga chai ya maziwa juu ya kibodi. Je, ni kweli niifukie laptopu kwenye mchele? – Mzazi, Nakuru

Hapana. Mchele hauvuti maji yaliyoingia chini ya chipu, na sukari na maziwa hubaki palepale hata maji yakikauka. Kinachoharibu bodi ni umeme kupita kwenye majimaji hayo, kwa hiyo chomoa chaja, bonyeza swichi hadi izime kabisa, toa betri kama inatoka, na uiegemeshe kichwa chini ikiwa wazi. Usiijaribu kama inawaka. Ipeleke siku hiyo hiyo ikafunguliwe na bodi isafishwe kwa brashi na alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99. Kibodi yenyewe mara nyingi haiponi.

Mjomba wangu aliyeko Muscat anataka kuniletea laptopu iliyotumika. Ameniuliza atafute ipi ili isinichoshe mapema. – Msomaji, Pemba

Mwambie atafute ya kiofisi, yenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, na asiishie kwenye jina la modeli. Lenovo ThinkPad T480, kwa mfano, ni chaguo langu la kwanza kwa sababu ina nafasi mbili za RAM, diski inabadilishika, huchajiwa kwa USB-C, na betri yake ya nje huchomolewa bila kufungua kifuniko. Lakini baadhi zilitoka na prosesa ya kizazi cha saba, ambayo Windows 11 haiikubali. Asome nambari baada ya kistari: i5-8250U ni ya kizazi cha nane, i5-7300U ni ya saba. Dada yake T480s ni nyembamba zaidi, ila sehemu ya RAM yake imelehemiwa kwenye bodi na haibadilishiki. Herufi za Kiarabu kwenye kibodi zisimtie shaka, kwa kuwa za Kilatini zimo pia.

La kuhofia zaidi ni vifungo vya mwenye mali wa kwanza. Mashine zilizotoka kwenye makampuni huweza kuwa na nenosiri la BIOS, ambalo kwenye ThinkPad halitoki kwa kuondoa betri ndogo ya saa, au zikawa bado zimesajiliwa na kampuni, hata zikipigwa Windows upya na kuunganishwa na intaneti zidai akaunti ya kazini. MacBook nazo hufungwa na akaunti ya Apple ya mwenye nazo. Kwa hiyo aingie kwenye BIOS palepale dukani, kisha airejeshe Windows mwanzo na kuiunganisha na intaneti, na asilipe kabla haijamfikisha kwenye skrini ya kuandika jina lake mwenyewe. Akinunua na betri ya nje ya ziada, aibebe kwenye begi la mkononi, kwani betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege.