Usisaini kibali ukiwa umeketi ofisini

Kila mwaka vijana wa atachimenti, yaani wanafunzi wa mafunzo kazini, na waajiriwa wapya huingia katika viwanda vya ukanda wetu, kuanzia vya sukari huku Muhoroni na Mumias hadi vya sabuni na mafuta kule Nakuru. Kwenye mahojiano wanaulizwa kama wanaijua Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007, na wengi wanaijua vizuri. Hata mimi niliijua, kifungu kwa kifungu. Halafu mwezi wangu wa nne kazini nikasaini karatasi iliyokaribia kumuua mtu.

Kiwanda kilikuwa kimesimamishwa kwa matengenezo. Tangi moja la molasi lilikuwa limebaki na tope sakafuni, zito, la kufika magotini, na vibarua walitakiwa waingie na sepetu walitoe. Saa mbili asubuhi tulishusha mita ya gesi kupitia mlango wa juu, kiasi cha urefu wa mkono, ikasoma oksijeni asilimia 20.9, yaani hewa ya kawaida. Nikaandika kwenye kibali, ile karatasi ya kuruhusu watu waingie. Kisha pampu ikasumbua, ikaja saa ya chakula, kazi ikaahirishwa. Saa nane mchana supavaiza akachungulia ofisini: "Weka sahihi tu, kijana, watu wanangoja." Nikaweka. Sikuinuka hata kwenye kiti.

Kelele ndizo zilizonitoa. Kibarua wa kwanza alikuwa amekoroga tope mara chache tu, magoti yakamlegea, akaketi chini kama mtu aliyechoka. Mwenzake alikuwa ameshatia mguu mlangoni ili amfuate, na fundi mmoja mzee wa boila akamshika mshipi akamrudisha nyuma, halafu akaivuta kamba. Kamba hiyo haikuwa kwenye kibali changu. Ni yule mzee aliyekataa kijana asishuke bila kufungwa. Nilipofika yule kibarua alikuwa amelazwa kwenye nyasi, midomo imebadilika rangi, anatapika. Alipona, na mpaka leo nikikumbuka ile midomo nashukuru.

Kilichotokea mle ndani si muujiza. Masalio ya molasi yakikaa huchacha, na kuchacha huzaa kaboni dioksidi, gesi nzito kuliko hewa, inayojikusanya chini. Yakioza huweza pia kutoa salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hujificha ndani ya tope hadi mtu alikoroge. Kwa hiyo kipimo cha saa mbili, kilichochukuliwa karibu na mlango, hakikuwa na habari yoyote ya sakafu ya saa nane. Na usiitegemee pua: salfidi ya hidrojeni ikizidi huua uwezo wa kunusa, harufu inapotea, nawe unadhani hewa imesafika.

Ndiyo maana nakuomba, wewe unayeanza: kibali kisainiwe pale kazi inapofanyikia, mita ikiwa mkononi. Pima juu, katikati na chini. Pima tena kila watu wanaporudi kutoka mapumziko, na uiache mita iendelee kusoma wakati mtu yumo ndani. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5 hakuna kuingia, hata meneja akiwa amesimama nyuma yako na saa mkononi. Weka feni ya kupuliza hewa safi. Mfunge kamba anayeingia, na umweke mtu mmoja mlangoni ambaye kazi yake ni kumtazama tu, asitumwe kuleta spana wala maji. Kuhusu huyo mlinzi wa mlango nitasisitiza zaidi, maana katika matangi, visima na vyoo vya shimo, mara nyingi maiti huwa mbili au tatu: wa kwanza kaanguka, ndugu yake karuka kumwokoa. Mlinzi wako lazima ajue kabla kazi haijaanza kwamba yeye haingii kamwe. Anavuta kamba na kupiga kelele.

Karatasi kutofautiana na kitu chenyewe si ugonjwa wa kwetu pekee. Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, kiwanda kilikuwa na mtambo wa kupoza tangi la kemikali, mnara wa kuchomea gesi na chombo cha kuisafisha. Kwenye michoro vyote vilikuwepo. Usiku ule mtambo wa kupoza ulikuwa umezimwa, mnara ulikuwa umekatwa bomba ukingoja kutengenezwa, gesi ya sumu ikavuja na maelfu ya watu wakafa. Basi ukionyeshwa orodha ya vifaa vya usalama, nenda ukaviguse. Fungua bomba la kuoshea macho uone kama maji yanatoka. Kostiki, ile soda kali inayounguza, ya kusafishia mitambo ya kuchemshia juisi ya miwa, ikimrukia mtu jichoni, atahitaji maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, papo hapo, na bomba lililokauka halitamsaidia.

Kemikali nyingine nazipitia haraka: chombo kisicho na lebo kitoe kazini, hasa zile chupa za soda na jerikeni ambazo watu humiminia kostiki "kidogo tu". Unapochanganya, tia kostiki ndani ya maji, usimimine maji juu ya kostiki. Karatasi ya maelezo ya usalama ya kila kemikali ikae inapotumika, si kwenye kabati la meneja.

Sasa jambo linaloniuma zaidi ya lile tangi. Ripoti ya siku ile iliandikwa kwamba kijana alizimia kwa joto. Alikaa nyumbani zaidi ya wiki. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali ya kazini, na kukiwa na kifo afisa wa usalama wa eneo, yule wa serikali, ajulishwe ndani ya saa 24, kisha taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Hakuna fomu iliyopelekwa. Kijana hakujua kwamba Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamhusu. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha. Usifanye nilivyofanya.

Afisa wa usalama anaruhusiwa kuingia kiwandani mchana au usiku, kuchukua sampuli, kuwahoji wafanyakazi, na kutoa notisi ya kusimamisha kazi ya hatari. Lakini maafisa ni wachache na viwanda ni vingi, na akija kwa siku iliyotangazwa atakuta sakafu imepigwa deki na helmeti ni mpya. Akikuuliza, mjibu ulichokiona. Penye wafanyakazi 20 au zaidi kamati ya usalama ni ya lazima. Omba kuona kumbukumbu za vikao vyake, na ukikuta kila kikao kina maneno yaleyale, hapo pana kazi yako ya kwanza. Mfanyakazi akiona hatari ana wajibu wa kumwambia msimamizi wake, na sheria inakataza kumfukuza kwa kulalamika. Sheria hiyohiyo inakubana wewe pia: mfanyakazi asiyetimiza wajibu wake wa usalama anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi 3.

Nunua daftari dogo lako mwenyewe. Kila kipimo kiandike humo kwa saa na mahali: juu, katikati, chini, na jina la aliyeshika kamba. Ofisi ya afisa wa usalama, ya Kisumu au ya Nakuru, ikihitaji kujua kilichotokea, nenda nalo.