Rasmussen Watatu Wasio Ndugu

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza juma hili iwapo watu mashuhuri wa Ulaya ya Kaskazini wenye jina moja la ukoo huwa ni ndugu. Kwa maoni yangu, jina likiishia kwa -sen au -son, msomaji asidhani hivyo mpaka apate ushahidi mwingine, na mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Denmark.

Kuanzia Januari 1993 hadi Oktoba 2011 nchi hiyo iliongozwa na mawaziri wakuu watatu waliofuatana: Poul Nyrup Rasmussen, Anders Fogh Rasmussen na Lars Løkke Rasmussen. Anayewatazama kwa mbali atadhani ni familia iliyorithishana madaraka, kumbe hakuna undugu wowote kati yao. Katika uchaguzi wa 2001, Fogh wa chama cha Venstre alimwangusha Nyrup wa Socialdemokratiet, kwa hiyo mpiga kura aliyesema tu kwamba anamtaka Rasmussen alikuwa bado hajasema lolote. Løkke naye alikuwa waziri katika serikali ya Fogh kabla ya kushika nafasi yake mwaka 2009. Ndiyo maana Wadenmark wenyewe huwataja kwa jina la kati: Nyrup, Fogh, Løkke.

Chanzo ni desturi ya zamani. Mtoto wa Rasmus aliitwa Rasmussen. Huyo akiwa ni Hans, watoto wake waliitwa Hansen, na jina likabadilika kila kizazi. Amri ya kifalme ya mwaka 1828 ilitaka kila familia iwe na jina la kudumu, na hatua kwa hatua familia nyingi za vijijini zikashika lile la baba lililokuwapo wakati huo. Kwa kuwa akina Rasmus, Jens, Hans na Niels walikuwa tele, watu wengi wasiojuana wakajikuta na jina moja.

Majina adimu ndiyo yenye kubeba ukoo. Niels Bohr alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1922, na mwanawe Aage akaipata mwaka 1975. Harald, mdogo wake Niels, alikuwa mwanahisabati, na juu ya hayo (wapenda soka watalifurahia hili) alicheza katika timu ya Denmark iliyotwaa medali ya fedha kwenye Olimpiki ya London ya 1908. Huko Norway, Thorvald Stoltenberg, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, ni baba mzazi wa Jens Stoltenberg, waziri mkuu wa zamani. Jens ndiye aliyempokea Fogh ukatibu mkuu wa NATO mwaka 2014, na kati ya majina ya wawili hao, ni la Stoltenberg pekee ambalo lingemwelekeza mgeni kwa jamaa wa kweli.

Iceland ni habari nyingine, kwa sababu huko desturi ile ya zamani ingali hai. Guðni Th. Jóhannesson, rais kuanzia 2016 hadi 2024, ni ndugu wa Patrekur Jóhannesson, mchezaji wa zamani wa mpira wa mikono, na hapa jina moja linasema kweli, kwani baba yao aliitwa Jóhannes. Lakini kwa desturi hiyohiyo watoto wa Guðni huitwa Guðnason au Guðnadóttir, na wa Patrekur huitwa Patreksson au Patreksdóttir, hivyo binamu wa damu hawashiriki jina hata kidogo, na kitabu cha simu cha nchi hiyo, kilipokuwa bado kikichapishwa, kilipangwa kwa jina la kwanza la mtu.