Usikubali mlango ufunguliwe, dirisha limesahau tu

Usilipe hiyo shilingi 8,500 ya mota ya dirisha! Umesema ulibadilisha betri ya Toyota yako hapo Nakuru, sasa kioo cha dereva kikipanda kinafika juu kisha kinarudi chini chenyewe, taa ya swichi inawaka na kuzima, redio imepoteza stesheni zote, na fundi anataka kuweka mota nyingine. Nimesoma nikakasirika upya, maana mimi nilishalipa.

Mota iliyokufa haipandishi kioo. Yako inapandisha na kushusha, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa ni nzima. Gari lenye dirisha la mguso mmoja, yaani unagusa swichi mara moja na kioo kinapanda au kushuka chenyewe hadi mwisho, hukumbuka kioo kinaishia wapi. Ukitoa betri, kumbukumbu hiyo inaweza kufutika, kama redio ilivyopoteza stesheni, na kioo kinapogusa mpira wa juu gari hudhani limebana mkono wa mtoto, linakirudisha.

Mimi gari langu lilipofanya hivyo hivyo, nililipeleka kwa fundi mmoja wa waya huku Kondele, Kisumu. Hakuuliza hata kama betri ilitolewa. Alichomoa paneli ya mlango kwa bisibisi, klipu nne zikavunjika nikiona. Nyuma yake kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Akaichana katikati kama mfuko wa mkate, akaniambia haina kazi. Akafunga mota ya mitumba, nikalipa 9,000, na kioo kikaendelea kurudi chini! Hapo akadai swichi kuu nayo imeungua.

Ile nailoni ndiyo huzuia maji. Mvua huteremka kwenye kioo, huingia ndani ya mlango na kutokea matundu ya chini. Nailoni ikichanika, maji huingia ndani ya gari. Mvua ya kwanza ya jioni kutoka ziwani, zulia la dereva lililowa chepechepe. Nililing'oa na kulianika siku tatu, na harufu haikutoka. Huyo mtu alichukua pesa kwa kazi asiyoijua, na sitamsamehe kwa kuniambia karatasi ile haina kazi.

Dawa yenyewe ni ya dakika moja. Fungua swichi ya gari hadi ON. Shusha kioo mpaka chini kabisa. Vuta swichi juu bila kuachia; kioo kikishafunga, endelea kuivuta huku ukihesabu polepole hadi tano. Achia, kisha jaribu mguso mmoja. Magari mengine hutaka ushikilie na kule chini pia, kitabu cha gari kitakuambia. Kama madirisha ya nyuma nayo ni ya mguso mmoja, rudia kwa kila mlango ukitumia swichi ya mlango wenyewe, si ile ya dereva. Watoto wasiwe karibu, kwa sababu ulinzi wa kubana, ule unaorudisha kioo kikigusa mkono, huenda haufanyi kazi mpaka umalize.

Kioo kikirudi chini tena, futa uchafu kwenye mpira wa reli ambamo kioo hupita kisha urudie. Mlango usifunguliwe kabla ya hapo, hata fundi akiwa shemeji yako. Jaribu sasa hivi ukiwa umeketi garini, unijibu hapa kabla hujampigia.