Karafuu ni sehemu ya mkarafuu, si sehemu ya kiungo
Mdogo wangu, umeuliza kama maneno karafuu na kiungo (cha chakula) ni jozi ya sehemu na kitu kizima. Hapana, jozi hiyo ni karafuu na mkarafuu. Karafuu ni tumba la ua la mti huo, huchumwa kabla halijachanua, likaanikwa. Karafuu na kiungo ni hiponimia, yaani uhusiano wa aina na kundi lake: karafuu ni aina ya kiungo, kama iliki. Ishike moja uitazame: kile kichwa cha duara ni petali (vijani vya ndani vya ua) zilizojifunga, na yale meno manne ni sepali (vijani vya nje vya ua). Hizo ndizo sehemu za karafuu yenyewe.

Huku Newala nafundishia korosho na mkorosho, na wanafunzi wanaelewa upesi. Ila tahadhari, bibo (lile tunda laini) na korosho ni sehemu za mkorosho zote mbili. Korosho kuning'inia chini ya bibo hakuifanyi iwe sehemu yake.