Kusoma tamthilia mbele ya wazazi: kwanza wajifunze kusikilizana

Mwalimu mwenzangu, umeuliza namna ya kuwaandaa kidato cha tatu, wanafunzi 60, wasome tamthilia kwa sauti mbele ya wazazi siku ya mahafali, hapa Dodoma, kwenye bwalo la shule, nakala mkononi na bila kukariri. Una wiki nne na vipindi pacha viwili kwa wiki. Muda huo unatosha. Nitaanza na jambo linaloangusha usomaji wa namna hii kuliko yote, mambo ya karatasi na ukumbi yatafuata.

Jambo lenyewe ni mazoea ya ngonjera. Watoto wetu wamekua nayo tangu shule ya msingi. Ni fani aliyoitangaza sana Mathias Mnyampala, Mgogo wa huku huku kwetu, na imewapa mambo mazuri: sauti ya kutosha, kutoogopa umati, kushika zamu. Lakini ngonjera ya shuleni huelekezwa kwa mgeni rasmi. Kila mstari unapanda palepale na kushuka palepale, na msemaji husubiri tu mwenzake amalize ndipo atoe wake. Mwanafunzi akiyaleta hayo kwenye tamthilia, baba anayemfokea binti yake atasikika sawasawa na jirani anayeleta habari za msiba. Kusoma maneno watajua. Nguvu yako iende kwenye kuwafundisha kumsikia anayesema nao.

Zoezi la kuanzia ni hili. Waketi wawili wawili. Wa kwanza anasoma mstari wake; wa pili amelaza karatasi kifudifudi mapajani na kumtazama. Kabla ya kujibu, wa pili anarudia neno la mwisho alilolisikia, kisha anageuza karatasi na kusoma jibu lake. Litakuwa zoezi la polepole na wataona linachosha, lakini usiliache kabla ya vipindi viwili kupita. Baadaye ondoa kule kurudia neno, acha ile nafasi ndogo ya kusikia. Tumia majibizano mafupi kama haya:

MJUMBE: Mzee, ng'ombe wako wameonekana Bahi.
BABA: Wangapi?
MJUMBE: Wanne.
BABA: Walikuwa saba.

Mara ya kwanza mistari yote minne itatoka kwa mwendo mmoja. Waulize: baba aliyekosa usingizi kwa ajili ya mifugo yake atasubiri mjumbe amalize kabisa? Hasubiri. "Wangapi?" inagusa mkia wa "Bahi". Mjumbe je? Anajua idadi itamuumiza mzee, kwa hiyo "Wanne" inachelewa kidogo na inatoka bila nguvu. Kisha ukimya, hesabu moja, mbili, ndipo "Walikuwa saba" kwa sauti ya chini. Baba hakuuliza watatu wako wapi, na uzito wote wa onyesho umekaa kwenye swali hilo ambalo hakulitamka. Darasa likielewa mistari hii minne, kurasa 20 zitakazofuata zitakuwa nyepesi.

Kuna mitego ya Kiswahili chenyewe ambayo msomaji wa kimyakimya haioni. Swali la ndiyo au hapana halihitaji neno la kuuliza: "Wamefika." na "Wamefika?" zinatofautishwa na sauti peke yake. Alama ya kuuliza ikimponyoka msomaji, mwenzake atakuwa anajibu swali ambalo hakuna aliyelisikia. Pia habari zetu nyingi zimefungwa mwanzoni na katikati ya kitenzi. Alimpiga, alinipiga, alikupiga: tofauti ni silabi moja, na hiyo ndiyo inayomezwa mwanafunzi akikimbia. Vivyo hivyo kwa "hu-" na "ha-" za kukanusha. Waambie wasipige kelele. Watamke vitenzi vizima, kichwa hadi mkia. R na L, TH na S, DH na Z zirekebishwe pale tu zinapobadilisha maana au zinapomkwaza msikilizaji. Ukimsahihisha mtoto lafudhi kila neno, atasoma kwa woga na uhusika utakufa. Mhusika wa kijijini mwenye lafudhi ya Kigogo au Kirangi ana uhai wake, mradi isigeuzwe kuwa ya kuchekwa.

Sasa nakala. Usiwape kitabu chenyewe. Herufi zake ni ndogo, kinajifunga, na kinaficha uso. Chapa sehemu mlizochagua kwa herufi za ukubwa wa 14, upande mmoja wa karatasi, nafasi ya mstari mmoja na nusu, kila mstari wa tano uwe na namba pembeni ili ukisema "tuanze 45" wote wawe pale. Majibizano yasikatike mwisho wa ukurasa. Bora ukurasa uishe na nafasi tupu kuliko msomaji kufunua katikati ya sentensi ya hasira. Karatasi ziingie kwenye mafaili ya rangi moja, nyeusi ikiwezekana, au zibandikwe kwenye manila iliyokunjwa. Karatasi iliyoachwa wazi inapiga kelele, na mkono ukitetemeka ukumbi mzima unaona. Mkitaka kutoza kiingilio, zungumzeni na mwandishi au mchapishaji kwanza.

Urefu: lenga dakika 25, zisizidi 30, kwa sababu mahafali yana hotuba, kwaya na vyeti. Someni ukurasa mmoja kwa mwendo wa kawaida, pima kwa saa, zidisha kwa idadi ya kurasa, kisha ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya ukimya na vicheko. Ikizidi, kata onyesho zima badala ya kunyofoa mstari huku na mstari kule. Tamthilia iliyonyofolewa hubaki na majibu yasiyo na maswali.

Maelekezo ya jukwaani huwachanganya wengi. Tamthilia inasema: "Baba anainuka, anafuta jasho, anaenda dirishani, anachungulia." Hapa hakuna dirisha wala anayeinuka. Mpe msomaji mmoja wa maelezo, mwenye sauti tulivu, na mwachie yale tu ambayo bila hayo msikilizaji atapotea: mahali, wakati, nani ameingia, nani ameanguka, nini kimeungua. Kama mstari unaofuata ni "Wanakuja!", basi "Baba anachungulia nje" inatosha. Jasho lisikike kwenye sauti yake. Na majina ya wahusika yaliyoandikwa mbele ya mistari yasisomwe; siku ya kwanza kuna watakaotamka "Baba, nukta mbili" kwa mazoea ya darasani.

Kila msomaji aweke alama kwa penseli. Wino ukitumika wiki ya kwanza, nakala itaharibika, maana maamuzi yatabadilika. Mkwaju mmoja (/) ni pumzi fupi, mikwaju miwili (//) ni ukimya wa hesabu mbili. Neno moja la uzito kwa kila sentensi lipigwe mstari chini, na liwe moja kweli, kwa sababu yakiwa matatu hakuna lenye uzito. Neno la mwisho la mtangulizi wake lizungushiwe duara, ndilo la kumwamsha. Sentensi ndefu ichorewe mshale mahali ambapo pumzi haitakiwi kukatwa, hata kama mstari wa karatasi umeishia hapo.

Macho nayo yafundishwe. Jicho linachukua fungu la maneno manne hadi sita, uso unainuka, ndipo kinywa kinasema. Kidole gumba kinabaki pembeni ya mstari ili kurudi kusiwe kwa kutafuta. Maneno ya mwisho ya kila sentensi yasemwe uso ukiwa juu. Wengi hufanya kinyume, huwahi kuinama kutafuta mstari unaofuata, na mwisho wa sentensi unaanguka sakafuni. Dakika kumi za zoezi hili kila kipindi zinatosha.

Watazame wapi? Wakitazamana ubavu kwa ubavu, sauti inaenda kando na wazazi wa nyuma hawapati kitu. Waketi kwa nusu duara pana, wakielekea mbele, na kila mmoja amfikirie mwenzake yuko ukutani nyuma ya watazamaji. Wa kulia anatazama nyuma kushoto, wa kushoto anatazama nyuma kulia, macho yao yanakutana katikati ya ukumbi. Inaonekana kitu cha ajabu kwenye mazoezi, lakini mtazamaji huona watu wawili wanazungumza. Msomaji wa maelezo peke yake ndiye awatazame wazazi moja kwa moja.

Kuchagua wasomaji: usimchukue anayeongoza kwa alama wala mwenye sauti kubwa kwa sababu hizo tu. Mpe nusu ukurasa asome, kisha mwambie, "Soma tena, lakini kuna mtu amelala chumba cha pili." Anayebadilika ndiye wako. Anayesoma vilevile mara ya pili, hata kama ni hodari, atakusumbua hadi siku ya mwisho. Chukua wasomaji wanane au tisa, na mbadala kwa kila nafasi anayehudhuria mazoezi yote na mwenye nakala yenye alama zilezile. Waliobaki wana kazi za kweli: sauti za umati na kiitikio (12 hivi), ngoma na milio, wafuatiliaji wawili wanaoandika kila neno lililomezwa, mtunza muda, wapanga viti. Wengine wakae nyuma kabisa ya bwalo kila zoezi, na yeyote asiyesikia neno anyooshe mkono. Mikono hiyo ni mwalimu mkali kuliko wewe. Kama una watoto wanaojua muheme, ngoma ya Wagogo, au zeze, mpito kutoka onyesho hadi onyesho upewe wao, sekunde kumi hadi kumi na tano, zisizidi, na ngoma isipigwe chini ya maneno.

Ratiba kwa ufupi, kila kipindi pacha dakika 80. Wiki ya kwanza: kuelewa tamthilia mkiwa mmeketi, mhusika anataka nini kwa nani, na zoezi la wawili wawili. Ya pili: alama na macho. Ya tatu: onyesho moja moja, kwa kusimamisha na kurudia. Ya nne: mfululizo bila kusimamisha, mara ya mwisho bwaloni saa ileile ya tukio. Kila zoezi lianze na dakika tano za pumzi: kiganja chini ya mbavu, kuhesabu kwa sauti ya kawaida kwa pumzi moja hadi 15, kisha 20. Vumbi la kiangazi linakausha koo, kwa hiyo maji yawe karibu na kufoka kwa koo kupigwe marufuku.

Bwalo la sakafu ya saruji na bati juu linarudisha mwangwi likiwa tupu. Likijaa watu, miili inanyonya sauti. Kwa hiyo kasi mliyoiona nzuri kwenye mazoezi ipunguzwe kidogo na sauti iongezwe. Mikrofoni moja ya kupokezana msiikubali hata mkibembelezwa, kwa sababu "Wangapi?" haiwezi kugusa "Bahi" ikiwa kifaa bado kiko njiani. Kama hakuna angalau mbili kwenye stendi, moja kila upande, someni bila kitu; watazamaji 150 wanafikiwa na sauti za kawaida zikiwa zimefanyiwa kazi. Na kama sherehe itahamishiwa nje, Septemba au Oktoba upepo wetu mnaujua: vibanio vya nguo viwili kwa kila faili, viti vigeuzwe upepo uwatoke wasomaji kisogoni kuelekea kwa wazazi, na mwombeni mshereheshaji awape nafasi ya asubuhi kabla ya hotuba.

Kuvaa kusiwe kwingi. Alama moja kwa mhusika, kofia, khanga au miwani, hasa kwa anayesoma wahusika wawili. Aibadilishe ngoma ikilia. Mstari wa mwisho ukishasomwa wabaki walivyo, wahesabu moyoni hadi tatu, ndipo wote wafunge mafaili kwa pamoja na kusimama. Hilo nalo lifanyiwe mazoezi, mara tano au sita, maana wakifunga mmoja mmoja wazazi hawajui waanze kupiga makofi lini.

Ukishachagua tamthilia, andika hapa ina wahusika wangapi na maonyesho mangapi, tukusaidie wapi pa kukata.