Nina safari Desemba, nimwambie mwajiri lini?

Barua za wiki hii zimefanana: mtu ana usaili mkononi, na ana siku ambazo tayari amezipangia jambo lingine. Nimechukua nne.

*Shikamoo dada. Nimeitwa usaili Jumanne, kampuni ya mizigo hapa Dar. Kuanzia tarehe 12 hadi 24 Desemba natakiwa kuwa Moshi, kaka yangu anaoa na mimi ndiye mwekahazina wa kamati. Niseme siku ya usaili? (Mwekahazina, Mbagala)*

Marahaba mdogo wangu. Jumanne usiseme, isipokuwa wakuulize, wakikuuliza, usidanganye. Siku hiyo bado wanakupima na wenzako, ukitanguliza Desemba unawarahisishia kumchukua mwingine. Subiri simu ya "tumekuchagua". Hapo wameshamwambia bosi kwamba mtu kapatikana, na hakuna anayetamani kuita watu upya kwa ajili ya siku kumi hivi za kazi. Ila useme kabla ya kusaini, si baada.

Maneno yawe machache: "Nashukuru kwa nafasi. Kabla sijasaini naomba mjue kuwa tarehe 12 hadi 24 Desemba nina shughuli ya familia iliyokwishapangwa. Niko tayari siku hizo zisilipwe." Habari za michango, ukumbi na sare za kamati ziache huko huko kwenye kamati.

Hayo ya kutolipwa nimeyaweka makusudi. Kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004, asiyetimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Zile siku 28 za mwaka zinakuja baadaye, na hata hizo mwajiri ana nafasi kubwa ya kupanga utazichukua lini. Kwa hiyo unachoomba ni makubaliano, na makubaliano yaandikwe. Mimi niliwahi kukubaliwa ruhusa ya kwenda harusini kwenye korido, "hakuna shida dada", na meneja aliyekuwa anakimbilia kikao. Miezi miwili baadaye akahamishiwa Mwanza. Aliyempokea akafungua faili langu, akalifunga, akaniuliza harusi gani. Nilipanda basi la Tanga Ijumaa jioni, Jumapili nikageuza, Jumatatu saa mbili niko mezani na hina mbichi mikononi. Tangu siku hiyo, hata bosi akikubali kwa mdomo, natuma baruapepe ya mistari miwili: "Kama tulivyozungumza leo..."

Jambo moja la kwako: Desemba kwenye mizigo huwa kazi imepamba moto. Wakigoma, uliza kama unaweza kuanza Januari.

*Assalaam alaykum. Nimeshalipia Hijja, mimi na mama, siku 30. Nimeitwa usaili wa pili na wanataka mtu aanze karibu na siku hizo hizo. Nikae kimya hadi ofa? (Mwana wa Tanga)*

Waalaykum salaam. Wewe hapana. Siku kumi zinazibika, mwezi mzima mwanzoni mwa kazi unavuruga mpango wao wote, na ukiusema siku ya ofa wataona umewaficha. Useme mwishoni mwa usaili wa pili, wanapokuuliza kama una swali. Tena usiombe likizo, omba tarehe ya kuanza isogezwe hadi utakaporudi. Kwa mwajiri hayo ni mambo mawili tofauti: mtu ambaye hajaanza hayumo bado kwenye orodha ya mishahara. Hijja yenyewe haisogezeki, ni tarehe 8 hadi 13 za Dhulhijja. Na usiahidi kuripoti asubuhi ya siku unayotua. Mama atahitaji kufikishwa nyumbani, na wageni wa kuwapokea mahujaji unawajua.

*Nilisaini mkataba wiki iliyopita hapa Nairobi, nikanyamaza. Naanza Jumatatu. Mwezi wangu wa pili kazini nina tiketi ya Doha kumwona mchumba, siku nane. Rafiki yangu anasema niugue tu. (Niko Njia Panda)*

Usiugue. Kwa sheria ya Kenya ya 2007, malipo ya siku za ugonjwa yanaanza baada ya miezi miwili ya utumishi, na cheti cha daktari kinahitajika. Halafu nani atakuzuia usiweke picha ya Doha kwenye WhatsApp? Andika leo, kabla ya Jumatatu, uombe siku nane bila malipo. Zile siku 21 za likizo ya mwaka bado hujazifanyia kazi. Watanuna kidogo.

*Dada, nina mimba ya miezi miwili na nimepata ofa, naanza mwezi ujao. Ni lazima niwaambie kabla ya kusaini? (Mama Mtarajiwa, Dodoma)*

Si lazima. Sheria ya Tanzania inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, hata kwenye kuajiri. Ukishaanza, unatakiwa kumjulisha mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, ukiwa na cheti cha daktari. Likizo ni siku 84, au 100 kwa mapacha. Lakini kaa na kalenda uhesabu: ile miezi sita niliyomtajia Mwekahazina inakugusa na wewe. Ukianza mimba ikiwa na miezi mitatu, unaitimiza kwenye siku zile zile za kujifungua. Basi usiwaruhusu waisogeze tarehe ya kuanza, hata kwa wiki mbili, na likizo yenyewe usiianze mapema kama afya inakuruhusu.