Vidukari kwenye sukuma wiki ya ndoo

SWALI: Nina ndoo sita za lita 20 zenye sukuma wiki kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, Dar es Salaam. Chini ya majani wamejaa wadudu wadogo wa kijivu, kama wamepakwa unga. Nilinyunyiza maji ya sabuni ya unga mara moja, saa sita mchana. Wakapungua, lakini majani yakaungua kingo, na baada ya wiki wamerudi tele. Sitaki dawa za viwandani. Nifanye nini?

JIBU: Hao ni vidukari wa kabichi, wengine huwaita wadudu mafuta. Ule unga ni nta, ndiyo maana maji matupu huwateleza. Sabuni huivunja nta hiyo, kwa hiyo wazo lako lilikuwa zuri. Ulikosea aina ya sabuni, saa, na kuishia mara moja.

Sabuni ya unga ina magadi na vitu vingine vya kufulia vinavyounguza majani, hasa juani. Tumia sabuni ya mche: kwaruza gramu 10, yeyusha kwenye maji moto kidogo, kisha ongeza maji yafike lita moja. Maji ya kisima yenye chokaa huifanya sabuni igande utando badala ya kutoa povu, na ikiganda haiui kitu. Hapo tafuta maji ya mvua. Jaribu kwanza kwenye jani moja, usubiri siku moja.

Kabla ya kunyunyiza, kata majani yaliyojaa kabisa, uyafunge kwenye mfuko na kuyatupa. Yaliyobaki yaoshe kwa maji ya kasi huku ukisugua upande wa chini kwa vidole. Kazi hii peke yake hupunguza wengi. Jua likishazama, nyunyiza chini ya majani na ndani ya chipukizi la katikati mpaka yadondoke matone. Asubuhi suuza.

Sabuni huua yule tu aliyelowa. Ikikauka, kazi yake imekwisha. Na kidukari jike huzaa watoto hai bila dume, nao kwenye joto huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Wachache uliowakosa ndio waliokujazia ndoo upya. Rudia kila baada ya siku nne, mara tatu.

Ukiona vidukari vilivyovimba, vya rangi ya kahawia, vikavu kama karatasi, usivisugue. Ndani yake mna viluwiluwi vya nyigu wadogo, na nyigu hao wakitoka wataendelea kuwawinda vidukari wengine.

Mwarobaini ni mzuri zaidi kwa viwavi. Kwa vidukari hufanya kazi polepole. Majivu sikushauri: kwenye udongo mchache wa ndoo, ukiyarudiarudia, magadi yake hujikusanya.

Tazama pia mbolea. Samadi ya kuku ikizidi, machipukizi huwa laini na yenye utomvu mwingi, na vidukari hupenda hayo. Konzi moja iliyooza vizuri kwa ndoo, kila wiki tatu au nne, yatosha. Tenganisha ndoo pia majani yasigusane, maana wasio na mabawa huvuka kwa miguu.